Kabla Hujabonyeza "Nakubali": Utafiti Unasemaje Kuhusu Simu, Bei na Mikopo ya Kilimo

Makala ya leo haina mbolea, haina dawa na haina mbegu. Ina simu. Nimeamua kuiandika kwa sababu tangu mvua zianze, karibu kila wiki kuna kijana ananisimamisha njiani simu ikiwa mkononi: "Afisa, hii programu inasema inatoa bei za soko, inapima shamba kwa satelaiti, halafu inakopesha pembejeo. Nijiunge?"

Swali ni zuri, na nikikujibu haraka haraka "jiunge" au "achana nayo" sitakuwa nimekusaidia. Unachoweka mezani hapo si bando tu. Ni namba yako ya NIDA, ni ukubwa wa shamba lako, ni miamala yako ya simu, na kuna wakati ni namba za ndugu zako wote. Duniani kuna watu ambao kazi yao ni kuchunguza jambo hili: teknolojia mpya ikiingia kwa wananchi, nani ananufaika, nani anaumia, na serikali iweke kanuni zipi. Huo ndio unaoitwa utafiti wa sera. Nimesoma baadhi ya kazi zao, na kuna kitu nimeona kinajirudia nchi kwa nchi: simu inamfaa sana mkulima ambaye ana pa kwenda na ile habari aliyopewa. Asiyekuwa na pa kwenda, faida inaishia kwa mtu mwingine.

Wanajuaje?

Wengi mmeshapita kwenye shamba darasa. Mnajua kwamba tukitaka kuona kama mbolea fulani inafanya kazi, hatuweki shamba zima. Tunaweka kiploti chenye mbolea na kiploti kisicho nayo, udongo uleule, mbegu ileile, mvua ileile, halafu tunapima. Bila kile kiploti cha kulinganisha, mtu anaweza kusifia mbolea kumbe mwaka ule mvua ilikuwa nzuri.

Watafiti wa teknolojia nao hufanya hivyo hivyo, isipokuwa viploti vyao ni vijiji. Wanachukua vijiji mia, wanapiga kura, nusu wanapewa huduma ya simu na nusu hawapewi. Baada ya msimu wanalinganisha. Au wanasubiri kampuni ya simu ijenge minara sehemu moja kabla ya nyingine, na wanapima tofauti ya kabla na baada. Kwa hiyo mtu wa kampuni akikuambia "wakulima wetu wameongeza kipato mara mbili", muulize swali la shamba darasa: umelinganisha na nani?

Samaki waliotupwa baharini

Utafiti maarufu kuliko yote kwenye eneo hili haukuwa wa mkulima, ulikuwa wa wavuvi wa dagaa aina ya sadini katika jimbo la Kerala, kusini mwa India. Mtafiti Robert Jensen alifuatilia masoko ya pwani wakati minara ya simu inajengwa, kati ya mwaka 1997 na 2001. Kabla ya simu mvuvi alikuwa anarudi na samaki wake kwenye soko la kwao, basi. Hakujua masoko mengine yana hali gani, na mafuta ya boti hayakumruhusu kuzunguka kubahatisha. Jensen anaeleza asubuhi moja ya Januari 1997 ambapo wavuvi 11 wa soko moja walikosa kabisa wanunuzi, wakatupa samaki. Ndani ya kilomita 15 tu kutoka hapo kulikuwa na wanunuzi 27 waliokuwa wanakaribia kuondoka mikono mitupu.

Simu zikaingia. Wavuvi wakawa wanapiga wakiwa bado majini, wanauliza bei, wanageuza boti. Matokeo: bei za masoko zikakaribiana, samaki wa kutupwa wakaisha, faida ya wavuvi ikapanda kwa asilimia 8 hivi, na mlaji akapata samaki kwa bei iliyoshuka kama asilimia 4. Wote wawili walipata. Utafiti ulichapishwa mwaka 2007, na tangu hapo kila mwenye programu ya bei anautumia kama ushahidi wake.

Niger nako, Jenny Aker aliangalia masoko ya nafaka wakati simu zinasambaa, mwaka 2001 hadi 2006. Tofauti ya bei kati ya soko na soko ilipungua kwa asilimia 10 hadi 16. Hapo sasa uwe makini: waliokuwa wanatumia simu kulinganisha masoko zaidi ni wafanyabiashara wa nafaka. Wao ndio wenye magari, wao ndio wanaohamisha mzigo.

Halafu ukaja utafiti wa Maharashtra, India hiyohiyo. Fafchamps na Minten walichukua vijiji 100, wakulima wakapewa mwaka mzima bure huduma ya meseji za bei, hali ya hewa na ushauri. Kwa wastani, bei waliyopata wakulima haikupanda kwa kiasi cha kuonekana. Huko West Bengal watafiti wengine waliwapa wakulima wa viazi bei za soko la jumla kila siku. Bei ya wastani ya shambani haikusogea. Sababu ni kwamba mkulima wa pale alikuwa hana njia ya kuingia mwenyewe soko la jumla. Alijua bei, lakini aliyekuwa na lori ni yuleyule mchuuzi.

Lakini ukienda Ghana, Courtois na Subervie walikuta wakulima waliokuwa wanapokea bei kwenye simu waliuza mahindi kwa bei ya juu kwa takriban asilimia 10, na karanga asilimia 7. Kwa hiyo si kwamba bei za simu ni bure. Kuna mahali zinalipa na mahali hazilipi.

Tofauti iko wapi? Boti ya Kerala ina injini. Mvuvi akisikia bei nzuri anageuka. Sasa wewe mwenye vitunguu ekari tatu kule Ruaha Mbuyuni, umechuma, vimeanikwa, lori moja tu limefika, na dalali ndiye aliyekukopesha mbegu mwezi wa pili. Programu inakuambia Dar es Salaam leo bei iko juu. Utageuza nini?

Na kuna jambo la lumbesa, ambalo sijaona programu hata moja ikiliweka sawasawa. Tuchukulie simu inasema gunia la kilo 100 ni shilingi 120,000. Yaani kilo ni 1,200. Dalali anakuja, anakubali hiyo 120,000 bila ubishi, unafurahi. Lakini gunia lake amelishonea kilemba juu, limebeba kilo 130. Thamani ya mzigo ule kwa bei ya simu ni 156,000. Umempa 36,000 kwa kila gunia, na kama una magunia 50 hiyo ni milioni moja na laki nane. Bei ya kwenye simu ilikuwa sahihi kabisa. Iliyokuangusha ni mizani. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa na Wakala wa Vipimo wapo, lakini lori likifika saa nane usiku hakuna wa kumpigia. Ndiyo maana nasema teknolojia bila kanuni inayosimamiwa inaishia nusu ya safari.

Linganisha na mazao yanayopita stakabadhi ghalani, kama ufuta, mbaazi na korosho, ambako siku hizi minada inafanyika kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mfumo huo una malalamiko yake, tena mengi mnayajua. Lakini angalia ulivyojengwa: mzigo unapimwa kwanza ghalani, kwa kilo, halafu wanunuzi wengi wanashindania mzigo mmoja. Hapo bei ya kwenye kioo ina maana, kwa sababu nyuma yake kuna mizani na kuna ushindani. Wakulima wa mboga na vitunguu hatuna kitu cha namna hiyo. Kwa hiyo ninyi mkitaka programu ya bei iwafae, anzeni na mzani wa kikundi na sehemu ya kukusanyia mzigo. Mzani wa kuning'iniza mnaweza kuchanga watu wanane mkaununua msimu huu huu.

Meseji za ushauri

Hapa nazungumzia kazi yangu mwenyewe, kwa hiyo mnisamehe nikiwa na upendeleo. Mwaka 2019 Fabregas, Kremer na Schilbach walikusanya matokeo ya majaribio mbalimbali ya ushauri wa kilimo kwa simu, Afrika na India. Kwa wastani mavuno yaliongezeka asilimia 4, na uwezekano wa mkulima kutumia pembejeo iliyopendekezwa ukapanda kwa asilimia 22.

Asilimia 4 ni ndogo. Kwa anayevuna magunia 20 ya mahindi kwa ekari, ni debe nne na ushee. Lakini meseji inagharimu senti, na afisa ugani mmoja ana vijiji vingapi? Mimi pikipiki ikiharibika, kijiji cha mbali kinaweza kukaa wiki tatu bila kuniona. Kwa hiyo meseji inayosema "wiki hii weka mbolea ya kukuzia" ina thamani, ilimradi imeandikwa na mtu anayejua mvua za kwenu zinaanza lini. Meseji ya kupanda iliyotungwa kwa ajili ya Kanda ya Ziwa ikikukuta wewe wa Nyanda za Juu Kusini, itakupoteza.

Kuna jaribio moja la Kenya ambalo nalipenda kuliko hayo. Magharibi mwa Kenya, kampuni ya sukari ilikuwa na wakulima wa mkataba, na tatizo lao kubwa lilikuwa mbolea kuchelewa. Watafiti wakaweka namba ya simu ya kuripoti: mbolea isipofika kwa wakati, mkulima anapiga. Baadhi ya mashamba wakapewa, mengine hapana. Waliopewa, mbolea zao zikapungua kuchelewa. Angalia mwelekeo wa habari hapo. Programu nyingi zinachukua habari kwako na kuzipeleka kwa kampuni, au zinakuletea wewe maelekezo. Hii ilimpa mkulima namna ya kumsimamia mwenye kampuni. Ukikuta programu ambayo ina sehemu ya malalamiko na inajibu, hiyo ni dalili nzuri kuliko picha kali za satelaiti.

Mikopo ya simu: hapa ndipo tuongee taratibu

Kutuma pesa kwa simu ni habari nyingine nzuri kabisa. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na mwaka 2016 Tavneet Suri na William Jack walichapisha makadirio kwamba huduma hiyo imetoa kwenye umaskini kaya 194,000 za Kenya, sawa na asilimia 2 ya kaya zote. Na wanawake wapatao 185,000 walihama kutoka kilimo cha kujikimu kwenda kwenye biashara. Kina dada wanaosoma hapa, mnaona wenzenu walivyotumia mwanya.

Kuhifadhi na kutuma ni jambo moja. Kukopa ni jingine. Novemba 2012 M-Shwari ilianza Kenya, na miaka miwili baadaye huduma kama hiyo ikafika kwetu. Unabonyeza, sekunde chache, hela imeingia. Hakuna dhamana, hakuna barua ya mtendaji. Mwaka 2018 CGAP, taasisi ya utafiti wa huduma za fedha iliyo chini ya Benki ya Dunia, ilitoa matokeo ya kuwahoji wakopaji wa simu wa nchi zetu hizi mbili. Kenya, karibu nusu waliwahi kuchelewesha kulipa, na asilimia 12 waliwahi kushindwa kabisa. Tanzania waliochelewesha walikuwa asilimia 56, walioshindwa kabisa asilimia 31. Karibu mtu mmoja kati ya watatu. Watafiti wale wakasema wazi kwamba kasi ya mikopo hii ipunguzwe mpaka kanuni zikae sawa.

Kwa nini wakulima wanaumia zaidi? Kwa sababu mkopo wa simu una kalenda yake na kitunguu kina kalenda yake. Mkopo mwingi wa simu unataka urudi ndani ya siku 30. Kitunguu kutoka kuhamishwa bustanini hadi kuvunwa ni miezi mitatu na zaidi, ukiongeza kitalu inafika mitano. Piga hesabu na mimi. Chukua ada ya asilimia 7.5 kwa mwezi, ambayo ndiyo M-Shwari ilikuwa inatoza. Inaonekana ndogo. Umekopa laki tano kununua mbegu na mbolea. Mwezi wa kwanza ukiisha huna cha kulipa kwa sababu kitunguu bado ni majani, kwa hiyo unaongeza muda, ada nyingine 37,500. Miezi minne ni 150,000. Asilimia 30 ya mkopo imeondoka kabla hujajua bei. Na wengi hawaongezi muda, wanakopa programu ya pili kulipa ya kwanza, halafu ya tatu kulipa ya pili. Nawafahamu vijana walioanza hivyo na wakaishia kuuza pampu ya maji.

Mkopo wa simu nauona unafaa kwa kitu kimoja shambani: pengo fupi. Mzigo umeshapata mnunuzi, unahitaji hela ya vibarua na magunia siku nne kabla ya kulipwa. Hapo sawa. Mbegu na mbolea za msimu zinahitaji mkopo unaolipwa baada ya mavuno, kupitia AMCOS, SACCOS, benki, au mkataba wa kilimo unaouelewa.

Halafu kuna aibu. Mnakumbuka zile meseji: "Fulani bin Fulani amekuweka wewe kama mdhamini, mwambie alipe deni." Zinatumwa kwa mama mkwe, kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa mchungaji, kwa watu ambao hawajawahi kusikia habari za mkopo huo. Zilitokana na kitufe kimoja. Siku unaweka programu, iliuliza "Ruhusu kusoma majina ya simu yako?" ukabonyeza ruhusu, kwa kuwa bila hivyo haifunguki.

Hapa sasa ndipo utafiti na malalamiko ya wananchi vilipogeuka kuwa sera. Kenya walitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali Machi 2022: lazima leseni ya Benki Kuu, na ni marufuku kuwasumbua watu walio kwenye orodha ya simu ya mkopaji. Septemba 2023 ofisi ya Kenya ya ulinzi wa data ikaitoza kampuni moja ya mikopo faini ya karibu shilingi milioni tatu za Kenya kwa kuwatumia meseji watu wa aina hiyo. Kwetu, Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo wa wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2024, na Novemba mwaka huo ikatangaza programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila kibali. Kwa hiyo kabla ya kukopa, uliza jina la kampuni (jina la programu halitoshi), kisha hakikisha lipo kwenye orodha ya wenye leseni ya BoT. Ni kazi ya dakika tano.

Taarifa za shamba lako ni mali

Turudi kwa yule kijana na programu inayopima shamba kwa satelaiti. Hebu tuone inajua nini ikishakusajili. Inajua mipaka ya shamba. Inajua umepanda nini na lini. Inajua kama mazao yamechanua au yamekauka. Ikiwa pia inakukopesha na kununua mazao yako, basi inajua una deni kiasi gani na lazima uuze lini. Sasa fikiria unakaa naye mezani kujadili bei. Yeye anajua kila kitu chako. Wewe unajua nini chake? Kwa mazungumzo ya bei, hiyo ni sawa na kucheza karata zako zimegeuzwa juu.

Sisemi kampuni zote zina nia mbaya. Taarifa hizohizo zinaweza kukupatia mkopo ambao benki ingekunyima kwa kukosa hati ya shamba, au bima ya mazao ambayo isingewezekana mtu akisafiri kukagua kila ekari. Usajili wa wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, ulioanza msimu wa 2022/23, ni mfano wa jinsi daftari la kidijitali linavyoweza kumfikishia mkulima kitu cha maana: bila kuandikwa, hupati bei ya ruzuku. Hoja yangu ni kwamba taarifa ni mali, na mali haitolewi bila kuuliza inakwenda wapi.

Na sheria unayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Kwa lugha ya shambani, sheria inasema hivi: anayekusanya taarifa zako akuambie anazitaka kwa kazi gani, na asizitumie kwa kazi nyingine. Una haki ya kuuliza ana taarifa gani zako. Zikiwa na makosa, zirekebishwe. Una haki ya kukataa zisitumike kukutangazia biashara. Na hii ya mwisho wengi hawaijui: kama uamuzi mkubwa kuhusu wewe, tuseme kunyimwa mkopo, umefanywa na kompyuta peke yake, unaweza kudai uamuzi huo uangaliwe upya.

Hiyo ya kompyuta naomba muitilie maanani, kwa kuwa ndiko mambo yanakoelekea. Kompyuta inajifunza kutokana na watu waliokuwepo kwenye taarifa za zamani. Kama waliowahi kukopeshwa wengi ni wanaume wenye laini za simu za muda mrefu, basi binti wa miaka 23 aliyesajiliwa laini mwaka jana, au anayetumia laini ya mumewe, ataonekana hatari hata kama shamba lake ni la mfano kwenye kata. Kompyuta haina chuki naye, ila haijawahi kumwona.

Kwa hiyo nilimwambia nini yule kijana? Nilimwambia akae na mwenye kampuni, au wakala wake, amuulize kwa kinywa: nikijitoa, taarifa zangu mnafuta au mnabaki nazo? Nikikopa kwenu, nalazimika kuwauzia ninyi, na bei inapangwa siku gani, kwa kilo au kwa gunia? Mvua ikikosekana deni linakuwaje? Nikiwa na malalamiko nampigia nani, na ana ofisi wapi? Amtumie majibu kwa maandishi, hata meseji ya kawaida inatosha. Wakala akianza kuzunguka kwenye swali la kilo na gunia, jibu umeshapata. Na akiweka programu, aende kwenye mipangilio ya simu aondoe ruhusa ya majina na picha. Programu ya kupima shamba inahitaji mahali ulipo, basi. Haihitaji namba ya shangazi yako.

Sera inabadilika watu wakisema

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya Dodoma. Kumbukeni tozo ya miamala ya simu. Ilianza Julai 2021, mtu alikuwa anakatwa hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, juu ya makato ya kampuni. Watu wakalalamika, wengi wakarudi kubeba hela mfukoni, na Septemba mwaka huohuo serikali ikaipunguza kwa asilimia 30. Ilichezea moja kwa moja gharama za mkulima anayelipa vibarua na kununua pembejeo kwa simu, na ilisogezwa kwa sababu takwimu na kelele vilifika mahali.

Tatizo la kwetu ni kwamba tafiti nyingi nilizotaja hapo juu zinamwangalia mkulima mdogo wa kujikimu. Kijana anayelima ekari tano za nyanya kwa umwagiliaji, ana vibarua kumi, anauza Kariakoo na Nairobi, hayumo kwenye jedwali. Si mkulima mdogo, si kampuni. Kwa hiyo wakija watu na vishikwambi kuwahoji, wengi mnawakimbia mkidhani ni wa kodi. Muulize kwanza kitambulisho na barua ya utafiti, zipitie ofisi ya kata, halafu mjibu kweli. Mwambie ulikopa wapi na ulilipa kiasi gani. Mwambie na kilo za lumbesa.

Na ninyi wenyewe wekeni rekodi. Kwenye daftari la kawaida, safu tatu: bei iliyosemwa na simu, bei uliyouzia, na kilo halisi za gunia. Kikundi cha watu kumi wakifanya hivyo msimu mmoja, ninaweza kuipeleka kwenye kikao cha halmashauri ikiwa na namba, na hapo tutaongea na Wakala wa Vipimo tukiwa na kitu mkononi. Walio kwenye kata yangu, daftari nitapita kuzikagua mwezi wa saba wakati wa mavuno. Mlio mbali, mpelekeeni afisa ugani wenu.

Makala ijayo tunarudi kwenye nyanya, kantangaze wameanza kuonekana bondeni na kuna watu wananunua dawa kwa kuangalia rangi ya chupa.